Wenzo umevutwa, je, bawa limesikia? Historia ya flapu, slati na kompyuta

Leo tuweke kando kidogo habari za seva na hifadhidata, tupande ndege. Kama umewahi kuketi karibu na dirisha, nyuma kidogo ya bawa, bila shaka umeviona vile vipande vinavyojitokeza na kuinama ndege inapojiandaa kuruka au kutua, huku mlio wa mota ukisikika chini ya miguu. Vile vya ukingo wa nyuma wa bawa huitwa flapu. Vile vya ukingo wa mbele huitwa slati. Abiria wengi huvitazama, wachache huuliza ni vya nini.

Mimi si rubani wala mhandisi wa ndege. Kazi yangu ni kuandika programu. Lakini historia ya vipande hivi imenivutia kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo sisi wa programu hukutana nalo kila siku: ukishatoa amri, unajuaje kwamba imetekelezwa? Swali hilo liliwahi kugharimu maisha ya watu 59 hapa hapa Nairobi. Twende polepole, tutafika huko.

Kwa nini bawa libadilike umbo

Ndege ya abiria ikiwa juu angani hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Ikija kutua, Airbus A320 kwa mfano huwa kwenye kilomita 250 hivi kwa saa. Sasa, nguvu inayoinua ndege hufuata mraba wa kasi. Kasi ikishuka hadi theluthi moja, nguvu hiyo, mambo mengine yote yakibaki yalivyo, hushuka hadi sehemu moja ya tisa. Uzito wa ndege nao haupungui eti kwa sababu tunataka kutua! Bawa linalofaa kwa mwendo wa kasi halifai kwa mwendo wa polepole.

Dawa yake ni bawa linaloweza kubadilika. Flapu zikitoka, bawa huwa pana zaidi na lenye mpindo zaidi, hivyo huinua vizuri hata kasi ikiwa ndogo. Slati nazo zikitoka, huacha upenyo mwembamba kati yake na bawa. Hewa hupita katika upenyo huo na kuusaidia mkondo wa hewa ulio juu ya bawa usibanduke. Hapo rubani anaweza kuinua pua ya ndege zaidi bila hatari. Hewa ikibanduka, bawa hupoteza nguvu yake ya kuinua. Hali hiyo huitwa stoli, na ikitokea karibu na ardhi, muda wa kujiokoa huwa mfupi mno.

Wazo la upenyo huo lilizaliwa na ajali. Mjerumani Gustav Lachmann alikuwa akijifunza urubani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 ndege yake ilipatwa na stoli ikaanguka. Akiwa hospitalini alifikiria jinsi ya kuzuia hewa isibanduke, na mwaka 1918 akaomba hataza. Huko Uingereza, Frederick Handley Page alikuwa amefikia wazo lilo hilo kwa njia yake mwenyewe. Badala ya kupelekana mahakamani miaka na miaka, wawili hao walielewana, na mwaka 1929 Lachmann akaenda kufanya kazi katika kampuni ya Handley Page. Nyingi kati ya slati za mwanzo hazikuhitaji hata wenzo. Hewa yenyewe ilizivuta nje ndege ilipopunguza mwendo. Hakuna amri, kwa hiyo hakuna swali la kama amri imefika.

Nyaya za chuma na haidroliki

Ndege za jeti zilipokuja, mambo yakawa mazito. Boeing 727, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1963, ilikuwa na flapu za nyuma zenye vipande vitatu vinavyofuatana, na vipande vingine vya kutoka kwenye ukingo wa mbele. Mtu hawezi kusukuma mzigo huo kwa mkono. Rubani alivuta wenzo, wenzo ukavuta waya wa chuma uliopita chini ya sakafu, waya ukafungua vali ya haidroliki, na mafuta yenye shinikizo yakazungusha mota. Mota ikazungusha shafti ndefu ndani ya bawa, na shafti ikazungusha skrubu zinazosukuma flapu nje.

Hebu hesabu viungo vya mnyororo huo. Kila kiungo kinaweza kukatika, na rubani ameketi mbali kabisa na bawa. Anachoshika mkononi ni wenzo tu. Wenzo unamwambia alichotaka. Haumwambii kilichotokea.

Nairobi, Novemba 1974

Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747, iliyotoka Frankfurt kuelekea Johannesburg, ilikuwa ikiondoka uwanja wa Embakasi, ambao leo tunauita Jomo Kenyatta. Ndani yake walikuwamo watu 157. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ndege nzito huhitaji kila msaada bawa linaoweza kutoa.

Kwenye 747, flapu za nyuma husukumwa na haidroliki. Za mbele zilisukumwa na hewa yenye shinikizo iliyochotwa kutoka kwenye injini. Wenzo ni mmoja, lakini nguvu ni za aina mbili, na kila moja ina njia yake. Asubuhi ile mfumo wa hewa ulikuwa haujafunguliwa. Wenzo ukawekwa mahali pake, flapu za nyuma zikatoka kama kawaida, za mbele zikabaki zimejifunga.

Ndege iliinuka kidogo ikiwa tayari nusu katika stoli. Ikatikisika, ikakataa kupanda, ikaanguka zaidi ya kilomita moja baada ya mwisho wa barabara ya kurukia, ikavunjika na kushika moto. Watu 98 walinusurika, 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu tangu ndege hiyo ianze kubeba abiria mwaka 1970.

Wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule walitaja mambo ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuyasoma taratibu. Ndiyo, wahudumu wa chumba cha marubani hawakukamilisha ipasavyo orodha yao ya ukaguzi. Lakini pia ndege haikuwa na onyo la kuwaambia kwamba flapu za mbele ziko katika hali ya hatari. Na marubani hawakupata muda wa kutambua shida yenyewe ilikuwa nini. Baadaye Boeing iliongeza onyo hilo.

Ni rahisi kusema "walisahau" na kufunga faili. Lakini tazama jambo lilivyo: mfumo uliruhusu nusu ya amri itekelezwe na nusu nyingine ipotee kimya. Katika kazi yetu tungesema kazi moja imeandikwa katika jedwali moja, haikuandikwa katika jedwali la pili, na hakuna hitilafu iliyoripotiwa. Mtumiaji anaona kila kitu kiko sawa. Sisi tukikosea hivyo, mteja anapiga simu kulalamika. Pale Embakasi hapakuwa na nafasi ya kupiga simu.

Chicago, Mei 1979

Miaka mitano haikwisha, likaja funzo la pili. Tarehe 25 Mei 1979, ndege ya American Airlines aina ya DC-10 ilikuwa ikiruka kutoka uwanja wa O'Hare, Chicago. Injini ya kushoto iling'oka pamoja na nguzo yake, ikakata mabomba ya haidroliki kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Slati za nje za bawa la kushoto zilikuwa zinashikiliwa mahali pake na mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba hayo tu, bila kufuli la chuma. Mafuta yakavuja, na hewa ikazisukuma slati zikarudi ndani. Za bawa la kulia zikabaki nje.

Sasa ndege ilikuwa na mabawa mawili yasiyofanana. Bawa la kushoto lingeingia stoli kwenye kasi ya noti 159. Marubani, wakifuata utaratibu waliofundishwa wa injini moja kuzimika, walipunguza kasi hadi noti 153. Onyo la kuwaambia kwamba slati hazilingani lilikuwapo kwenye ndege, lakini lilipata umeme kutoka kwa injini ile ile iliyoanguka. Sekunde 31 baada ya kuruka, ndege ilianguka. Wote 271 waliokuwamo walikufa, pamoja na watu wawili waliokuwa ardhini.

Nairobi ilionyesha kwamba hakukuwa na mtu wa kutoa habari. Chicago ilionyesha kwamba mtoa habari alikuwapo, ila alikufa pamoja na aliyekuwa akimlinda. Wanaoweka nakala za hifadhidata kwenye diski ile ile yenye data yenyewe, nadhani mmenielewa.

Kompyuta yaingia

Tarehe 3 Aprili 1982 iliruka kwa mara ya kwanza Airbus A310. Hii ni miongoni mwa ndege za kwanza za abiria ambazo wenzo wa flapu haukuvuta tena waya wa chuma. Ulituma ishara ya umeme kwa kompyuta. Sisi Wakenya tunaifahamu ndege hii, maana Kenya Airways ilianza kuirusha mwaka 1986. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Februari 1987, ikaruka A320, ambayo mpangilio wake wa flapu na slati ndio nitakaoueleza hapa kwa sababu ni rahisi kuufuata.

Wenzo una vituo vitano: 0, 1, 2, 3 na FULL. Chini yake kuna kihisi kinachosoma kituo kilichochaguliwa na kupeleka habari kwa kompyuta mbili. Kila kompyuta ina sehemu mbili ndani yake, moja ya slati, moja ya flapu. Kompyuta huamuru mota za haidroliki zizungushe shafti. Mota ni mbili kwa slati na mbili kwa flapu, kila moja ikilishwa na mfumo wake wa haidroliki, na gia huunganisha nguvu zao. Kompyuta moja ikifa, flapu na slati bado zinafanya kazi, ila kwa nusu ya mwendo. Hiyo peke yake ni habari njema. Lakini uzuri wenyewe uko upande wa kurudi.

Karibu na mota kuna kihisi kinachosoma shafti imezunguka kiasi gani. Kisha mwishoni kabisa, kuelekea ncha ya bawa la kushoto na ncha ya bawa la kulia, kuna vihisi vingine. Kompyuta haiulizi "niliagiza nini?" Inauliza "kushoto kumefika wapi, kulia kumefika wapi, na je, ndivyo nilivyoagiza?" Kama shafti imekatika katikati, kihisi cha mota kitasema kazi imekwisha, lakini cha nchani kitaonyesha ukweli. Pande mbili zikitofautiana, au shafti ikizunguka bila kuamriwa, au ikienda kasi kupita kiasi, kompyuta hufunga breki zilizoko karibu na ncha za mabawa. Zikifungwa, rubani hawezi kuzifungua akiwa angani. Atatua na flapu zilivyo, kwa kasi kubwa zaidi na kwenye barabara ndefu zaidi, kisha mafundi watazifungua chini.

Uamuzi huo naupenda sana. Mfumo umekubali kukosa flapu kabisa kuliko kuwa na flapu kombo. Ndege inaweza kutua bila flapu. Ndege yenye mabawa yasiyofanana, Chicago ilishatuonyesha. Waliobuni walijiuliza mapema ni kushindwa kupi kunakovumilika, wakakichagua hicho kwa makusudi.

Programu zilizoandikwa mara mbili

Kuna jambo jingine la A310 linalotuhusu sisi moja kwa moja. Ukiwa na kompyuta mbili zinazoendesha programu moja, kasoro ya programu itaziangusha zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kompyuta za slati na flapu za A310, zilizotengenezwa na Marconi Avionics ya Uingereza, zilitumia programu tofauti kwa kazi ile ile, kwa matumaini kwamba waandishi tofauti hawatakosea mahali pamoja.

Je, matumaini hayo yana msingi? Mwaka 1986 John Knight na Nancy Leveson walichapisha jaribio ambalo bado linabishaniwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani waliandika programu 27 za kazi moja, kila mtu kivyake, kisha programu zote zikajaribiwa mara milioni moja. Zilikuwa nzuri kwa jumla, lakini ziliposhindwa, zilishindwa pamoja mara nyingi kuliko ambavyo bahati nasibu ingetabiri. Sababu inaeleweka: palipo pagumu ni pagumu kwa kila mtu. Kwa hiyo programu tofauti husaidia, lakini hazileti usalama mara mbili kwa kuwa tu ni mbili. Ndiyo maana vile vihisi vya nchani ni muhimu. Programu zinaweza kukubaliana katika kosa, lakini kihisi hakikusoma hati ya maelekezo, kinasoma shafti.

Kompyuta haisomi nia

Hadi hapa unaweza kudhani kompyuta ilimaliza kazi. Haikumaliza. Tarehe 6 Aprili 1993, MD-11 ya China Eastern ilikuwa ikivuka Bahari ya Pasifiki kuelekea Los Angeles wakati wenzo wa flapu na slati uliposogezwa bila kukusudia ndani ya chumba cha marubani. Slati zikatoka ndege ikiwa kwenye mwendo kamili wa safari. Ndege ikapanda na kushuka kwa nguvu, ikatua kwa dharura kisiwani Shemya, Alaska. Watu wawili walikufa na wengi waliumia. Wachunguzi wa Marekani walilaumu muundo wa wenzo, uliokuwa rahisi mno kung'oka mahali pake. Hapo amri ilitekelezwa kikamilifu. Kosa ni kwamba hakuna aliyekusudia kuitoa. Ndege kama Boeing 777, ambayo Kenya Airways ilianza kuirusha mwaka 2004, kompyuta yake hukataa kuanza kutoa flapu ndege ikiwa juu ya futi 20,000 hivi. Amri nayo inapaswa kukaguliwa kabla ya kutiiwa.

Na kuna amri isiyotolewa kabisa. Tarehe 16 Agosti 1987 huko Detroit, na tena tarehe 20 Agosti 2008 huko Madrid, ndege aina ya MD-82 zilijaribu kuruka bila flapu wala slati. Mara zote mbili onyo lililopaswa kupiga kelele lilinyamaza. Detroit walikufa 156, wawili wakiwa ardhini, akanusurika mtoto mmoja wa miaka minne. Madrid walikufa 154. Kati ya Nairobi na Madrid ni karibu miaka 34, na bado bawa lilikuwa tupu, na bado hakuna aliyeambiwa.

Upande wa pili wa shilingi pia tunaujua, na kwa uchungu. Tarehe 30 Januari 2000, A310 ya Kenya Airways ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka Abidjan, watu 169 wakafa kati ya 179. Flapu hazikuwa chanzo. Onyo la stoli lililia wakati ndege haikuwa katika stoli, na rubani akashusha pua kama alivyofundishwa. Onyo linalonyamaza linaua, na onyo linalodanganya linaua pia.

Tunachobaki nacho

Msidhani kwamba ndege zote zimeacha nyaya za chuma. Boeing 737-800 bado wenzo wake wa flapu huvuta waya kama zamani. Kompyuta imewekwa pembeni, hasa kuangalia kama pande mbili zinalingana na kusimamisha mambo zikiachana. Hilo linaonyesha, kwa maoni yangu, kile ambacho elektroniki ilileta hasa. Si nguvu, maana haidroliki ilikuwa nayo tayari. Si wepesi pia. Ilileta mtu wa kwenda hadi nchani mwa bawa kuhakikisha, tena na tena, bila kuchoka.

Sisi Wakenya tunalielewa jambo hili bila kusomea uhandisi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ukiambiwa "nimeshakutumia", hufungi duka. Unangoja ujumbe uingie kwenye simu yako mwenyewe. Wahenga walisema kusikia si kuona. Basi ukikaa kuandika programu yako, iwe ya shamba la kuku au ya hospitali, jiulize haya. Amri hii ikitekelezwa nusu, nani ataniambia? Huyo wa kuniambia anategemea umeme wa nani? Na mfumo ukilazimika kushindwa, nimechagua ushindwe vipi, au nimeiachia bahati?

Safari nyingine ukipata kiti nyuma ya bawa, zitazame slati zikitoka kabla ya kuruka. Tukijaliwa, siku nyingine tutazungumzia breki za magurudumu, nazo zina kisa chao.